Koala kwenye simu ya laki mbili: miezi minane ya kupiga biti nyuma ya mashine ya fotokopi

Mashine yangu ya fotokopi hukohoa mara mbili kabla haijatoa karatasi. Khe-khe. Halafu inavuta pumzi, inakokota, inatema. Nimekaa nayo miaka sita hapa Makole, Dodoma, nikiihesabu kuwa kelele ya kazi, mpaka mchana mmoja wa mwezi wa tano, wateja hakuna, vumbi tu linapita mlangoni, nikaisogezea simu kwenye trei na kushikilia kidole kwenye kioo. Nilipoachia, ile khe-khe ilikuwa yangu. Kila nikigusa inaitika, ndogo, kavu, inakatika kama njugu. Nikaigusa mara nane kwa mwendo ambao kichwa kilikuwa kimeshaanza kutikisika chenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kutengeneza biti, nikiwa na miaka 36, watoto wawili na deni la wino.

Programu niliyoitumia inaitwa Koala. Watengenezaji ni elf audio, na inapatikana kwa Android na kwa iPhone. Kazi yake ni kunasa sauti yoyote, kuikatakata na kuipanga upya iwe muziki, jambo ambalo wenyewe tunaliita kusampo. Naandika kwa ajili ya mtu anayeanza, yule ambaye kila akiuliza aanze na nini anatajiwa vifaa vya mamilioni. Prodyuza mwenye chumba chenye sponji ukutani anaweza kupita. Akija kutoa kopi ya kitambulisho tutasalimiana.

Miaka miwili nilikuwa mtu wa kuanza kesho. Nilikuwa naitaka MPC. Aliyewahi kutazama picha za maprodyuza wa hip-hop wa Marekani anaijua, lile sanduku la Akai la kusampo na kupigia biti, lenye pedi 16 za mpira, nne kwa nne. Ya kwanza, MPC60, ilitoka mwaka 1988 ikiwa imebuniwa na Roger Linn, na tangu hapo ule mraba wa pedi umekuwa kwa biti kama mafiga yalivyo kwa sufuria. MPC ya J Dilla, yule prodyuza wa hip-hop wa Detroit aliyefariki mwaka 2006, iko kwenye makumbusho ya Smithsonian jijini Washington. Nami nikawa najiwekea akiba kwenye simu. Ikifika laki nne, ada inaita. Ikifika laki tatu, upepo wa Dodoma unaondoka na bati mbili za jikoni. Mwisho nikawa najua bei ya kila aina ya MPC na sijawahi kugusa hata moja.

Nilijaribu pia FL Studio, programu ya kompyuta ya kutengenezea muziki, kwenye laptopu ya dukani, maana ndiko vijana wengi wa mtaani wanakoanzia. Sina neno baya juu yake. Ila laptopu ile ndiyo inayochapa barua za maombi ya kazi za nusu ya Makole, na huwezi kumwambia mtu anayewahi usaili Mtumba asubiri, eti unatafuta kiki, lile pigo zito la chini kwenye biti.

Kilichonitoa kwenye ndoto ya vifaa ni hesabu ndogo. Kulikuwa na mashine ya kusampo inaitwa SP-1200, ya kampuni ya E-mu, ya mwaka 1987. Biti nyingi za New York za enzi zile zimetoka humo. Nafasi yake ya sauti ilikuwa sekunde 10 tu, zote kwa jumla. Sasa piga hesabu: kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, baa moja ya mapigo manne inakula sekunde 2.67, na baa nne ni sekunde 10.67. Yaani mashine ile isingeweza kubeba hata baa nne kamili za wimbo. Wenyewe walikuwa wanacheza santuri ya mwendo wa 33 kwa mwendo wa 45 ili sauti ipite haraka na kula nafasi kidogo, halafu humo ndani wanaishusha irudi chini. Ule ukwaruzo mzito unaosifiwa mpaka leo ulizaliwa na ubahili wa nafasi. Simu yangu, niliyoinunua mkononi kwa laki mbili ikiwa na ufa kwenye kona, inabeba sauti ya masaa. Nikaona aibu mwenyewe. Kumbe kifaa ninacho siku zote, naulizia bei za watu nacho mfukoni.

Ukiifungua Koala unakuta pedi 16 kwenye kioo, na ziko kurasa nne, kwa hiyo jumla ni sauti 64. Kuna sehemu tatu zimeandikwa SAMPLE, SEQUENCE na PERFORM. Ya kwanza ni ya kunasa, ya pili ni ya kupanga, ya tatu ni ya madoido. Shikilia pedi tupu, inarekodi. Achia, imeshika. Gusa, inalia. Mwanangu wa darasa la pili alielewa kabla sijamaliza kumweleza, akajaza ukurasa mzima sauti za kucheua.

Ngoma zangu za kwanza zote zimetoka kaunta hii hii. Kiki ni rimu ya karatasi iliyoangushwa bapa juu ya mbao, kisha nikaishusha sauti hatua tano mpaka ikawa na tumbo. Sinea, lile pigo kali linaloijibu kiki, ni stepla kubwa, ile ya kubana ripoti za wanafunzi, ikichanganywa na kofi. Hai-hati, yale matoazi madogo ya kwenye drams, ya kufunga ni ile khe-khe ya fotokopi. Hai-hati ya kufungua ni kikatio cha karatasi kikishuka, shwaaa. Sarafu ya mia mbili ikizunguka juu ya kioo cha fotokopi mpaka inalala, hiyo nimeiweka akiba kwa siku nitakayoipatia wimbo. Dada mmoja aliingia kutaka kulaminetiwa cheti akanikuta nimeinama.

"Kaka, unaongea na stepla?"

"Nairekodi."

"Haya. Shilingi ngapi kulamineti?"

Sasa nieleze jambo ambalo lingenisaidia sana kama mtu angeniambia siku ya kwanza. Ukinasa sauti, kuna upenyo mdogo wa kimya kati ya kidole chako kushika na sauti yenyewe kulia. Usipoukata, kila ukigusa pedi utasikia kimya kwanza, kisha pigo. Kwa jicho ni kitu kidogo, ila kwa sikio ni mlevi anayefuata harusi kwa nyuma. Wiki tatu nilijiona sina mkono wa muziki, kumbe mkono upo ila sijakata kichwa cha sauti. Gusa pedi, fungua picha ya mawimbi, vuta mstari wa kuanzia mpaka pale mlima unapoinuka. Usipunguze sana, ukiukata mlima wenyewe kiki inapoteza meno.

Kuchelewa kwa aina ya pili kunatoka kwenye simu yenyewe. Simu nyingi za Android za bei ya chini huchukua muda kidogo kati ya kidole kugusa na sauti kutoka, na eafoni za Bluetooth huongeza muda mwingine juu yake. Kwa kusikiliza nyimbo hutagundua kitu. Kwa kupiga biti utaachana na muziki. Mimi nilikuwa nimeuziwa eafoni zisizo na waya, duka silitaji, kwa elfu ishirini na tano, na boksi lake linang'aa kuliko sauti yake. Nilivaa zile, nikagonga pedi, pigo likaja likiwa limeshapitwa na wakati wake. Nikawa tayari kuifuta programu. Kijana wa kutengeneza simu jirani yangu akaniambia, "Mzee, vaa za waya kwanza ndipo ulaumu." Za waya ni elfu sita. Tatizo halikuisha lote, ila lilipungua mpaka likawa kitu ambacho vidole vinajifunza kukiwahi. Ukitaka kupima simu yako, piga pedi kwa kucha kwa nguvu, ili kucha nayo isikike kwenye kioo. Kama kati ya kucha na sauti unaweza kusema "ta", simu hiyo tafutia kazi nyingine.

Baada ya stepla nikageukia kaseti. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliacha katoni ya kaseti na redio moja ya milango miwili ambayo mlango mmoja ndio unafunga. Humo kuna dansi tupu: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Marijani Rajab, Mlimani Park. Nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, nyingine baba alirekodi kutoka Radio Tanzania na mtangazaji anaingia katikati ya gitaa.

Kuitoa kaseti iingie kwenye simu kuna mtego. Waya wa kawaida, ule ambao ncha yake ina mistari miwili, hauingizi sauti kwenye simu. Unautoa tu. Unahitaji kigawanyishi chenye ncha ya mistari mitatu, maana ule mstari wa ziada ndio unaobeba maiki. Na sauti ya redio ishushe karibu na chini kabisa kabla ya kurekodi, kwa sababu mlango wa maiki umezoea mnong'ono wa mtu, ukiupelekea nguvu ya redio unapasua kila kitu. Mara ya kwanza magitaa ya Morogoro yalitoka kama mabati yanasuguliwa. Mara ya pili nikashusha, nikapata sekunde kumi na moja za gitaa la solo na besi chini yake, na mtambo wa kaseti unavuma kwa mbali. Ule uvumi sikuuondoa. Ni sebule ya nyumbani kwetu ule.

Kazi ya kusampo imejificha hapo, kwenye sekunde kumi na moja. Mwanzoni nilikuwa naweka kipande kizima kinazunguka, chini yake napiga kiki na sinea, najiita prodyuza. Inapendeza dakika moja, baadaye unagundua kuwa umeweka ngoma juu ya wimbo wa mtu. Siku nilipokikata kile kipande kwa nane, kila pedi ikabeba nota mbili tatu, nikaanza kugonga pedi ya 6, ya 6 tena, ya 1, ya 3, kimya, ya 8, kikatoka kitu ambacho hakimo kwenye kaseti. Gitaa lile lile, ila swali lake jingine. Nilipitisha saa ya kufunga duka. Mke wangu alipiga simu mara mbili, na mara ya pili ndiyo nikasikia.

Ukataji huo kwenye Koala ya msingi unafanyika kwa mkono: nakili pedi, sogeza mwanzo na mwisho, nakili tena. Inachosha ila inafundisha sikio. Kuna nyongeza inaitwa SAMURAI, ambayo unailipia kando. Hiyo inakata yenyewe, kwa vipande sawa au kwa kufuata mapigo, na pia inaweza kurefusha au kufupisha sauti bila kuibadili kina, yaani unene au wembamba wake. Ushauri wangu ni usiinunue mwezi wa kwanza. Mimi niliinunua mwezi wa nne, nikajua ninalipia nini: sampo ya kaseti ina mwendo wake, biti yangu ina mwendo wake, na bila kurefusha ni lazima gitaa lipande au lishuke kina ndipo mwendo ulingane. Wengi wanapenda hivyo, sauti iliyoshuka kina ina utamu wa mtu aliyetoka kuamka. Ila ukiwa na vipande viwili vya nyimbo mbili tofauti, ukabadili kina cha kimoja, hapo ndipo utaona ugomvi.

Kabla sijasahau suala la haki. Kurekodi kaseti ya baba ili ujifunze chumbani ni kitu kimoja, kutoa wimbo sokoni ni kingine. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki mwaka 1979, hesabu mwenyewe. Na Marekani kwenyewe, ambako mchezo huu ulianzia, mahakama ya New York mwaka 1991 ilimpiga chini rapa Biz Markie kwa kuchukua kipande cha wimbo wa mtu bila ruhusa, na baada ya hapo mambo hayakurudi kuwa ya bure. Biti zangu za kaseti ziko kwenye flashi, hazitoki. Ndiyo sababu nyingine iliyonipeleka Mvumi.

Bibi yangu mzaa mama yuko Mvumi, na Bibi ni mpigaji wa muheme. Kwa wasioujua, muheme ni ngoma ya akina mama wa Kigogo. Mpigaji anaibana ngoma kati ya mapaja, wanakuwa kadhaa, kila mmoja ana mkono wake, mmoja anauliza na wengine wanaitika. Nimekua nikiusikia kama watu wanavyosikia jogoo. Mwezi wa nane, Jumapili baada ya ibada, nikafika na kilo mbili za sukari, majani ya chai, na soksi ya mtoto.

"Mbukwenyi Bibi, shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu. Soksi ya nani hiyo?"

Soksi ni ya kuvalisha simu. Mwezi wa nane Dodoma upepo haupumziki, na maiki ya simu ikipigwa na upepo inarekodi upepo tu. Soksi moja ya pamba inapunguza nusu ya balaa, na kukaa upande wa nyumba usiopigwa kunapunguza nusu nyingine. Niliwaeleza Bibi na wenzake watatu ninachotaka kufanya, nikawaomba ruhusa. Walicheka, wakauliza kama watatokea kwenye redio, nikasema bado. Wakapiga dakika ishirini. Nilirekodi wote pamoja, halafu nikamwomba kila mmoja apige peke yake. Hilo la peke yake liliwashinda kuelewa. Mmoja akasema, "Sasa mimi namjibu nani?"

Ningemsikiliza vizuri siku ile ningeokoa wiki mbili.

Nilirudi Makole, nikakata, nikapanga ngoma za kina mama kwenye mistari ya SEQUENCE, nikawasha ile ya kunyoosha mapigo, inayovuta kila pigo mpaka kwenye mstari ulio karibu. Chini nikaweka rimu na stepla kwa mapigo 92. Ilikuwa safi, imenyooka, inafaa kwa tangazo la benki. Niliipenda sana. Safari iliyofuata nikamvalisha Bibi eafoni. Akasikiliza hadi mwisho, uso haujabadilika, akazivua taratibu.

"Hizi ngoma ni zetu?"

"Ndiyo Bibi."

"Mwitikiaji umemweka wapi? Naona anasema karibu kabla mwenzie hajapiga hodi."

Nilikaa na sentensi hiyo kwenye daladala mpaka mjini. Nilipofika nikaweka rekodi ya awali na biti yangu sambamba, nikasikia anachosema. Yule mama wa kuitika anachelewa kidogo, kwa makusudi, kila mara. Mashine ilipomwona hajakaa kwenye mstari ikamvuta mbele. Tena mistari yenyewe inagawa pigo moja mara nne, kama hip-hop inavyopenda, na kina Bibi wanaligawa mara tatu. Sikuwa nimezipanga ngoma zao, nilikuwa nimezivalisha sare ya shule ya watu wengine.

Koala inakuruhusu kuzima kunyoosha, na ukizima inabakiza pigo pale pale ulipoligonga. Nikazima. Nikagonga kwa mkono, baa nane mfululizo bila kukata, kwa kuigiza rekodi. Mara kumi na tano nimekosea. Ya kumi na sita nikamwacha mwitikiaji achelewe, na kiki ya rimu nayo nikaichelewesha kidogo imsubiri. Hapo ndipo nilipomwelewa J Dilla anavyosifiwa kwa kuziacha ngoma zake zipepesuke. Nilikuwa nimesoma habari hiyo miaka mingi, ila ilibidi Bibi wa Mvumi anielekeze.

Ilimba, ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nayo ilinifundisha kwa njia ya aibu. Mzee mmoja wa kule kule anaipiga, ile kubwa yenye vyuma vingi na kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui, ili kila nota itetemeke na kuzizima kwa mbali. Ndicho chombo alichotembea nacho duniani marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Nikarekodi nota moja tu, nzuri, nikaitumia ile namna ya Koala inayogeuza pedi kuwa kinanda, ili nota hiyo moja ipande na kushuka. Kazi rahisi, nikajisifu. Ikatoka ilimba ya kwaya ya kanisani. Kila kitu kipo ila si chenyewe. Sababu ni kwamba kinanda kimegawa sauti kwa hatua zilizo sawasawa, wakati muziki wa Kigogo unafuata sauti za asili zinazotoka ndani ya sauti moja nene, kama zile unazozisikia ukipuliza pembe au ukivuta waya mmoja, na baadhi yake zinaangukia katikati ya vibao vya kinanda. Hakuna kibao chake. Dawa yake haikuhitaji ujuzi, ilihitaji adabu: nikarudi, nikamwomba mzee anigongee chuma kimoja kimoja, vyote 12 nilivyovitaka, kila kimoja na pedi yake. Ukurasa wa pili wa Koala yangu sasa ni ilimba tupu, na ule mtetemo wa buibui umo.

Madoido yako 16, kuna ya kuongeza besi, ya kuchafua sauti, mwangwi na mengine. Mimi natumia matatu. Mengine ni ya kuchezea watoto wakija dukani. Chenye maana zaidi kwangu ni kwamba unaweza kuinasa biti yako mwenyewe, pamoja na madoido yake, ikarudi kuwa pedi moja, kisha ukaikata upya. Nimewahi kufanya hivyo mara tatu kwenye kipande kimoja cha stepla mpaka hakitambuliki. Pia kuna uwezo wa kutenganisha sauti za wimbo, ngoma peke yake, besi peke yake. Kwa simu yangu hiyo ni kazi ya kuchomekea chaji na kwenda kunywa chai, na chini ya bati la duka saa nane mchana simu inakuwa pasi.

Kwa upande wa hasara, ya kwanza nimejifanyia mwenyewe: sikuwa natoa nakala. Simu ikajaa, mtoto akafuta "mafaili ya ajabu ajabu" ili apate nafasi ya gemu, biti tisa zikaondoka. Toa faili la sauti la WAV kila ukimaliza, peleka kwenye flashi. Mimi nina duka lenye flashi ukutani na bado niliumia. Ya pili, kioo hakina mpira. Pedi za MPC zinajua umegonga kwa nguvu gani, kioo cha simu ya laki mbili hakijui, kwa hiyo uzito wa pigo utauweka kwa kurekebisha sauti, au kwa kuwa na sinea mbili, kali na laini. Mimi nina sinea tatu. Ya tatu ni malipo. Usipokuwa na kadi ya benki inayokubali kununua mtandaoni, utatengeneza kadi ya mtandaoni kupitia pesa za simu. Inawezekana, ila ongeza salio kidogo juu ya bei, makato yatakushangaza. Programu yenyewe niliipata kwa chini kidogo ya dola tano. Ukijumlisha eafoni za elfu sita, kigawanyishi cha elfu nne, na nauli za Mvumi, bado sijafikia bei ya begi la kubebea MPC.

Kuna kijana wa bodaboda anaegesha hapa nje, anachana, na kwa kweli anachana vizuri pale anapoacha kujitaja jina. Nilimpa biti ya muheme kwenye flashi akaenda nayo studio ya rafiki yake huko Chang'ombe ya hapa Dodoma. Kabla hajaenda niliwapigia simu Mvumi, nikamweka Bibi na wenzake wasikie kwa spika, wakaruhusu, kwa masharti ya sukari nyingine. Alirudi jioni kurudisha flashi.

"Braza, prodyuza wa kule anauliza hii hai-hati umeitoa pakiti gani."

"Mwambie imesimama nyuma yako."

Akageuka, akaiangalia fotokopi, akaniangalia mimi. Ikakohoa.

Ile mashine niliiuza chakavu mwezi uliopita. Roli zilikuwa zimekwisha, fundi akasema kuitengeneza ni gharama kuliko kununua. Niliyonayo sasa ni nzuri, inatoa karatasi kwa kasi mara mbili na haina sauti kabisa. Nimeisogezea simu kwenye trei mara kadhaa, hakuna kitu. Khe-khe imebaki ukurasa wa kwanza, pedi ya 5, na safari hii nakala yake iko kwenye flashi mbili.